Kushuka Iveti bila kuchimba mtaro

Ukifika juu ya milima ya Iveti saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mji wa Machakos uko chini yako, mdogo kiasi kwamba unaweza kuufunika kwa kiganja. Umesukuma baiskeli kwa muda wa saa moja na nusu. Jasho limeanza kukauka mgongoni na baridi inakuuma masikio. Mwenzako anakunywa maji, anajipangusa mdomo, anakwambia, "Kazi imeisha, buda. Sasa ni kuteremka tu."

Usimwamini. Hilo neno "tu" limevunja watu mikono. Mimi ni mmoja wao, mkono wa kushoto, pale kwenye kifundo.

Tatizo ni kwamba sisi hushangilia kupanda peke yake. Mtoto akipanda darasa anapikiwa chapati. Jirani akipandishwa cheo anachinja mbuzi. Kushuka hakuna anayekufundisha. Kila mtu anadhani ukishaachilia mguu, dunia itakuvuta na mambo yataisha yenyewe. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, karo ilipokataa kupatikana, na pale mtaani kwetu wapo wanaosema nimeshuka. Sawa. Lakini nikikwambia kushuka ni kazi inayotaka akili, ujue nimeifanya mlimani na nimeifanya nyumbani, na zote mbili zina makovu.

Leo tuongee ya mlimani.

Si Alps, lakini si mchezo

Ukiingia YouTube kutafuta video za kuteremka milima kwa baiskeli, utaletewa Alps ya Ufaransa. Kuna mashindano yanaitwa Megavalanche, pale Alpe d'Huez. Wasee wanaanzia kilele cha Pic Blanc, zaidi ya mita 3,300 juu ya usawa wa bahari, wengi kwa mpigo, juu ya barafu. Wanateremka kwenye theluji, kisha mawe, kisha majani, kisha msitu, hadi bondeni Allemond. Wanapoteza zaidi ya mita 2,500 za kimo kwa mteremko mmoja. Na hawasukumi baiskeli kupanda. Kuna magari ya kuning'inia kwenye waya yanayowabeba wao na baiskeli zao mpaka juu.

Huku kwetu hakuna gari la kuning'inia. Kuna miguu yako, au kuna boda wa kubembeleza akubebe na baiskeli umeikumbatia nyuma kama mgonjwa. Mji wa Machakos uko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na vilele vya Iveti vinapita mita 2,000. Kwa hivyo ukitoka juu kabisa hadi mjini unashuka mita zipatazo 400. Mbele ya Alps hiyo ni hadithi fupi. Lakini ni hadithi iliyojaa kona.

Juu unaanza na msitu wa mikaratusi na misonobari, mizizi imetambaa njiani kama vidole. Ukitoka msituni unaingia barabara ya vumbi jekundu ambayo mvua imeichana katikati. Halafu njia inagawanyika na kuwa vijia vya miguu, upana wa mtu mmoja, vinavyopita katikati ya mashamba ya mahindi, maharagwe na maparachichi. Hapo kuna mawe makubwa yaliyolainishwa na nyayo za miaka mingi. Na kila kipande kina wenyewe: mbuzi waliofungwa kamba kuvuka njia, punda wenye mitungi ya maji, watoto wa shule, na mzee wa kofia aliyesimama katikati akisalimiana na mwenzake wa shamba la pili. Huyo mzee habanduki. Wewe ndiye utakayesimama.

Watu wa baiskeli wanaposema mteremko ni wa kiufundi, ndicho wanachomaanisha. Kasi yenyewe ni kitu kidogo. Kazi ni kuchagua, kila baada ya sekunde moja, gurudumu la mbele litapita wapi.

Sufuria ya chai kwenye breki zako

Fizikia niliyoitoroka darasani ilinikuta mlimani, na haikuuliza kama nina cheti.

Chukulia wewe, baiskeli, maji na vifaa vyako mna uzito wa kilo 85. Mkishuka mita 400, kuna nguvu ambayo lazima iende mahali. Ukipiga hesabu, nguvu hiyo inatosha kuchemsha karibu lita moja ya maji kutoka ubaridi wa kawaida hadi yatokote. Sehemu yake inachukuliwa na upepo na kokoto. Lakini ukishuka polepole, huku vidole vimeng'ang'ania breki tangu juu hadi chini, sehemu kubwa ya moto huo inaishia kwenye vile vipande vidogo vya raba au kwenye diski. Umeweka sufuria ya chai kwenye breki zako.

Ndiyo maana wale wanaobana breki mfululizo hufika nusu ya mlima wakasikia harufu ya kuungua. Breki zinakuwa laini, unavuta na hazishiki kama mwanzo. Kama breki zako ni zile za kubana rimu, rimu ikipata moto kupita kiasi hata tyubu inaweza kupasuka. Na kama ni za diski, tafadhali usiiguse diski kwa kidole kuona kama ina moto. Ina moto.

Dawa yake inashangaza ukiisikia mara ya kwanza: funga breki kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha uachilie. Baiskeli ipumue. Funga tena, achilia. Ukiona mikono imeanza kutetemeka, simama kabisa kando ya njia, utikise vidole, uangalie mandhari. Hakuna anayekufukuza.

Siku niliyochimba mtaro

Mwaka wangu wa kwanza wa kupanda Iveti nilikuwa na baiskeli ya mtumba, gia zinaruka, breki moja inalia kama paka. Mtaani tulilelewa na sheria moja: usiguse breki ya mbele, itakurusha. Kwa hivyo nilitumia ya nyuma peke yake. Ukiivuta kwa nguvu kwenye mteremko, gurudumu linajifunga, linateleza, vumbi linapaa. Kwa mbali unaonekana noma sana. Tulikuwa wanne na tulishindana nani anatoa vumbi refu zaidi kwenye kona. Wikendi baada ya wikendi, kona zilezile.

Moja ya kona hizo ilikuwa juu ya shamba la susu mmoja. Susu kwa Kikamba ni nyanya, na huyu tulimjua kwa kumuona tu. Hata salamu hatukuwa tukimpa, tulipita kama ndege. Jumamosi moja ya Oktoba nilifika pale kasi imenizidi. Nikavuta breki ya nyuma. Gurudumu likajifunga. Nikageuza usukani, lakini baiskeli ilikuwa imeshakata shauri: ikaendelea moja kwa moja, ikaruka ukingo wa tuta na kunitupa shambani, urefu wa mtu hivi. Niliangukia kwenye nyasi za nepia. Mkono ulitangulia.

Susu alikuwa palepale akikata nepia kwa panga. Akaja, akanitazama, akauliza kama nimeumia. Nikamwonyesha mkono. Akafungua kitenge chake na kunifungia mkono shingoni, akamtuma mjukuu kuita boda. Tukiwa tunangoja, akapanda polepole hadi njiani. Akasimama pale kwenye kona akitazama chini, ameshika kiuno.

"Mwana wakwa," akaniambia, "mkono utapona. Huu mtaro wenu ndio sijui nitaufanyaje."

Sikuelewa. Nilikuwa na maumivu na nilidhani anaongea mambo ya uzee.

Nilikaa na plasta wiki sita. Mvua za vuli zikaja, na huku Ukambani hizo ndizo mvua ambazo mkulima huzitegemea zaidi. Nilipoondolewa plasta nilipanda kwenda kumrudishia kitenge. Pale kwenye kona nikaona alichokuwa akikitazama. Ule mfereji mdogo uliochimbwa na magurudumu yetu yaliyojifunga, wikendi baada ya wikendi, maji yalikuwa yameupenda. Yalikuwa yameufuata, yakauchimba hadi ukanifika gotini, yakaruka ukingo palepale nilipoangukia, na kubomoa tuta la susu kwa upana wa mlango. Mahindi yaliyokuwa chini yake yalikuwa yamelala ndani ya matope mekundu.

Nilijaribu kuomba msamaha. Susu alipokea kitenge, akaingia nyumbani, akatoka na jembe.

Tuta hilo lina historia

Kama umesoma somo la jiografia shuleni hapa Kenya, unalijua neno "fanya juu". Unachimba mtaro kufuata usawa wa mlima, na udongo unaurusha upande wa juu. Huo udongo unakuwa ukingo. Mvua ikinyesha, maji hayakimbii. Yanasimama na kuzama, na udongo unabaki kwenye shamba. Miaka ikipita, shamba linajisawazisha lenyewe na kuwa ngazi. Neno hilo la Kiswahili wataalamu wa udongo duniani hulitumia hivyohivyo, bila kulitafsiri, na milima hii ya Machakos ina mchango mkubwa katika umaarufu wake.

Haikuwa hivi zamani. Miaka ya 1930 wakoloni waliitazama Machakos wakaona nchi iliyochanika makorongo, wakaamua kosa ni ng'ombe wa Wakamba. Mwaka 1938 serikali ikaanza kuwanyang'anya watu mifugo. Wakamba wakatembea hadi Nairobi kulalamika, wakiongozwa na Muindi Mbingu, ambaye baadaye alipelekwa kuzuiliwa Lamu. Ukipita Muindi Mbingu Street jijini, ndiye huyo.

Kilichookoa udongo wenyewe ni majembe. Watu walijipanga katika vikundi vya mwethya, leo kwako kesho kwangu, wengi wao wanawake, wakachimba matuta mlima baada ya mlima. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kizima kuhusu jambo hilo, More People, Less Erosion. Walionyesha kwamba tangu miaka ya 1930 idadi ya watu Machakos iliongezeka mara kadhaa, na bado mmomonyoko ukapungua. Wengi walitarajia kinyume.

Kwa hivyo ule ukingo nilioubomoa nikitafuta vumbi zuri haukuwa tu udongo. Ulikuwa Jumamosi za watu waliokufa kabla sijazaliwa. Tulienda Jumamosi tatu, wote wanne, tukachimba, tukarusha juu, tukapanda nepia kwenye ukingo ili mizizi iushike. Susu alikaa kwenye kiti akitusahihisha. Mkono wangu uliuma. Sikusema.

Gurudumu linalozunguka halichimbi

Jumamosi ya pili, nikiwa nimeinama na jembe, ndipo nilipoelewa jambo ambalo nataka uondoke nalo hata ukisahau mengine yote. Gurudumu lililojifunga haliendeshi na halisimamishi vizuri, linachimba tu. Gurudumu linalozunguka lina mshiko, kwa hivyo linakusikiliza ukigeuza usukani, na likipita haliachi mtaro. Kumbe kilichonivunja mkono na kilichobomoa tuta la susu kilikuwa kosa moja. Mtu anayeteremka vizuri unamjua kwa njia aliyopita, maana huwezi kuiona.

Nikaanza upya, kama mtoto. Haya ndiyo niliyojifunza, mengine kutoka kwa fundi wangu wa baiskeli, mengine kutoka ardhini moja kwa moja.

Kwanza, ijue breki ya mbele. Ukiteremka, uzito wako unahamia mbele, na gurudumu lililobeba uzito ndilo lenye mshiko. Breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa. Ya nyuma ni msaidizi. Itakurusha ukiikamata ghafla kama unayeua nzi. Ivute taratibu, kwa kidole kimoja au viwili, huku umerudisha makalio nyuma kidogo. Fanya mazoezi kwenye uwanja tambarare kwanza, si mlimani.

Na kabla ya hapo, hakikisha unajua mkono gani unashika gurudumu gani. Baiskeli zilizopangwa kwa mtindo wa Kiingereza huwa na breki ya mbele mkono wa kulia. Mitumba mingi kutoka Marekani na bara la Ulaya ina breki ya mbele mkono wa kushoto. Ukinunua au kuazima, jaribu ukiwa umesimama. Kuligundua hilo katikati ya kona ni ghali.

Pili, punguza kasi kabla ya kona, ukiwa bado umenyooka. Ukishaingia kwenye kona, achilia breki, gurudumu lizunguke. Wengi wetu hufanya kinyume: tunaingia kwa kasi, tunaogopa, tunabana, tunateleza.

Tatu, simama kwenye pedali. Pedali zikae usawa, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, ili usigonge mwamba. Magoti na viwiko vilegee, vikunjike kama springi. Uzito uwe miguuni, mikono iwe myepesi. Ukikalia kiti, kila jiwe linakupiga uti wa mgongo. Ukisimama, baiskeli inacheza chini yako na wewe unabaki ulivyo.

Nne, tazama unakotaka kwenda. Ukikodolea jiwe macho, utaligonga. Mwili hufuata macho. Angalia mita 10 au 15 mbele, chagua pengo, liamini. Jiwe lililo chini ya gurudumu lako sasa hivi ulishalishughulikia sekunde mbili zilizopita. Liache.

Macho nayo hudanganya

Hapa lazima nikupeleke Kyamwilu. Kama wewe ni wa Machakos umeshapelekwa na kila mgeni aliyewahi kukutembelea. Ni kama kilomita 12 kutoka mjini, upande wa Mutituni kuelekea Kituluni. Watu humwaga maji kwenye lami na maji yanaonekana kupanda mlima. Dereva anaweka gia huru, anaachilia breki, na gari linaonekana kujivuta kwenda juu. Wazee wanasimulia habari za wanaume wawili, Kyalo na Mwilu, na ndiko jina linakosemwa limetoka. Ni hadithi tamu, waulize wakusimulie wenyewe.

Maelezo ya kisayansi ni mafupi: ni macho. Tunapima mteremko kwa kulinganisha na vitu vilivyo karibu, na mahali ambapo vilima vimetuficha upeo halisi, ubongo unakosea. Barabara inashuka, sisi tunaiona inapanda. Maji yenyewe hayajakosea hata siku moja.

Iveti kuna Kyamwilu ndogondogo kila mahali, na hakuna anayekutoza picha. Ukitoka kwenye kipande kikali sana ukaingia kipande cha wastani, macho yatakwambia umefika tambarare. Utalegeza vidole, utakaa kwenye kiti, utaanza stori na mwenzako. Kumbe bado unashuka, na kasi inapanda polepole bila hodi. Nimeona watu wakianguka pale pepesi zaidi ya walivyoanguka kwenye mawe. Usiulize macho peke yake. Sikiliza upepo masikioni na mlio wa tairi. Vikiongezeka, unashuka, hata kama dunia nzima inaonekana sawa.

Hata wakubwa huanguka

Huenda unafikiri mambo haya ni ya wageni wenye baiskeli za bei ya gari. Basi kumbuka Chris Froome. Alizaliwa Nairobi mwaka 1985, na akiwa kijana mdogo alifundishwa baiskeli na David Kinjah, yule jamaa wa rasta wa Kikuyu anayelea vijana wa Safari Simbaz. Froome alishinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Mwaka 2016 alivaa jezi ya manjano baada ya kuteremka. Walipofika kilele cha Peyresourde, wenzake walipokuwa wanatafuta pumzi, yeye alichomoka, akakalia bomba la baiskeli akiwa amejikunja kifua kwenye usukani huku akikanyaga, akashuka peke yake hadi Bagnères-de-Luchon na kushinda. Siku hiyo ilionyesha kuwa kushuka nako kuna ushindi. Mtindo huo wa kukalia bomba ulikuja kupigwa marufuku na shirikisho la dunia la baiskeli, UCI, mwaka 2021, kwa sababu ya hatari.

Na ni Froome huyohuyo ambaye Juni 2019, akikagua njia ya mashindano ya Dauphiné huko Ufaransa, aliondoa mkono mmoja kwenye usukani ili apenge kamasi. Upepo ukapiga gurudumu la mbele. Akagonga ukuta, akavunjika paja, kiwiko na mbavu. Bingwa mara nne, mkono mmoja, sekunde moja.

Halafu kuna jina ambalo kila mwendesha baiskeli wa Kenya hulitaja kwa sauti ya chini. Suleiman Kangangi, Sule, nahodha wa Team Amani, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka kwa kasi kwenye mashindano ya barabara za kokoto huko Vermont, Marekani. Alikuwa na umri wa miaka 33. Simtaji ili kukutisha. Namtaja kwa sababu alikuwa bora kuliko sisi sote, na alistahili zaidi.

Kwa hivyo ukiniuliza kitu cha kwanza cha kununua, ni helmeti. Si viatu, si miwani, si springi za mbele. Helmeti inayokaa sawa, isiyocheza ukitikisa kichwa, ambayo haijawahi kupigwa chini. Ya pili ni glavu, kwa sababu ukianguka, mkono hutangulia. Muulize anayejua.

Ukija, njoo hivi

Kutoka Nairobi hadi Machakos ni kama kilomita 65, na matatu zipo siku nzima. Mpe makanga chochote mtakachoelewana akufungie baiskeli juu. Njoo asubuhi, jua la saa sita halina huruma na njia huwa na watu wengi zaidi. Usije peke yako. Baiskeli yako ipitie kwa fundi kwanza: nyaya za breki zisiwe zimechanika, raba ziwe na unene, nati za magurudumu zikazwe. Tairi lisijazwe likawa gumu kama jiwe. Likilegea kidogo linashika vizuri, lakini likilegea sana tyubu itabanwa na rimu kwenye jiwe la kwanza. Beba tyubu ya ziada na pampu. Juu huko hakuna duka.

Sitakuchorea ramani ya kila kona. Vijia hivi vinapita kwenye mashamba ya watu, na siwezi kukupa ruhusa ambayo si yangu. Ukiingia msituni, zungumza na walinzi wa msitu. Ukiingia shambani, zungumza na mwenye shamba. Ukitamani Ol Donyo Sabuk, ule mlima wa mita 2,145 uliopo kaunti hiihii, fika kwanza kwa KWS uwaulize. Wenyeji wanauita Kilimambogo, na hao mbogo hawajahama.

Sisi wanne tulijiwekea sheria, na wageni wanaokuja nasi huzifuata. Mvua ikinyesha, tunakaa siku mbili bila kupanda, udongo ukauke. Kwenye ukingo wa tuta tunashuka na kubeba baiskeli. Tunapiga kengele kabla ya kona, si ndani yake. Mbuzi ana haki ya njia, punda ana haki zaidi, na mtu aliyebeba kitu kichwani ana haki kuliko wote. Kila mtu anasalimiwa. Na kabla ya mvua za vuli tunatoa Jumamosi moja ya jembe, mahali popote ambapo magurudumu yetu yameacha alama.

Jumamosi iliyopita tulishuka tena. Breki ya mbele kidole kimoja, achilia, kona, magoti yamelegea. Nilipokaribia kwa susu nilipiga kengele, nikapunguza mwendo nikiwa nimenyooka, nikapinda kona gurudumu likizunguka. Kwenye ukingo nikashuka nikabeba baiskeli begani. Susu alikuwa ameketi mlangoni akichambua pojo. Tulisalimiana, akauliza habari za mama. Kisha akainuka, akatembea hadi kwenye kona, akainama kutazama chini kama fundi anayekagua kazi ya mwanagenzi.

Akarudi, akaketi, akaendelea na pojo zake.

"Pitieni maji ya kunywa," akasema. "Jua limeanza kuwa kali."